UZI: Namshukuru Doa, mbwa wetu wa Msabaha. Nawe mtaje wako hapa

MwanaMsabaha (mwenye uzi)

Wanajukwaa, hamjambo nyote. Humu nimesoma nyuzi za kuwashukuru walimu, mama wakwe, hata makocha wa mpira. Leo naomba nafasi nimshukuru mbwa. Nitamshukuru kwa urefu, kwa hivyo mwenye haraka apite salama, atatukuta hapa akirudi.

Anaitwa Doa. Ni mbwa koko wa hapa hapa Pwani, rangi ya udongo mwekundu, mkia umejikunja, kifuani ana doa jeupe lililompa jina. Hakununuliwa. Mamake alizaa chini ya ghala la mahindi la jirani wakati wa masika, kisha akagongwa na lori kwenye barabara ya Mombasa. Mdogo wangu akaja na kitoto kimoja ndani ya kofia. Mama akasema sawa, lakini kilale nje. Kikalala nje, na hadi leo Doa hulala nje, barazani, mbele ya mlango wa Baba.

Baba ndiye aliyenifanya nifungue uzi huu.

Baba alikuwa mgema. Asubuhi juu ya mnazi, jioni juu ya mnazi, miguu inajua vidato vilipo bila macho kuangalia. Pia alikuwa mtu wa maneno. Kwenye matanga akisimama kusema, hata watoto walinyamaza. Kisha kiharusi kikampiga. Upande wa kushoto ukalegea, mdomo ukaenda kombo, maneno yakawa yanatoka mazito, nusu nusu. Hospitali walimhudumia vizuri, na siku ya kumruhusu walituambia kazi ya nyumbani ni mbili: atembee kila siku, na azungumze kila siku.

Kutembea alikataa. Kuzungumza alikataa zaidi. Nami namwelewa. Akianza kusema "nataka ma...", wageni watatu walioketi pale, kwa huruma yao, washamalizia: maji? maziwa? maembe? Mtu aliyezoea kusikilizwa akiona anakatizwa hivyo kila mara, hufunga mdomo. Baba akafunga wake. Ikawa ni kuitikia kwa kichwa tu, siku nzima, uso ameuelekeza ukutani.

Doa hamalizii mtu maneno.

Sikumbuki nani alimsikia kwanza. Nadhani ni Mama, alikuwa jikoni anakuna nazi, akasikia sauti ya Baba barazani, akadhani kuna mgeni. Akachungulia. Baba alikuwa peke yake na mbwa, anamweleza jambo la mnazi uliokauka kilele. Neno likikwama analirudia, likikwama tena anapumzika, anaanza upya. Doa ameweka kidevu juu ya kandambili ya mguu mbovu, anamtazama machoni, masikio yamesimama. Hakuna aliyeingilia. Mama alirudi jikoni kimya akaendelea na mbuzi yake ya nazi, machozi yakimtoka.

Kutembea nako kukaja kwa njia hiyo hiyo. Alfajiri Doa akisikia mkongojo umegonga sementi, anainuka, anajinyoosha, anakwenda kusimama penye pengo la ua wa michongoma. Baba asipotoka anarudi kumwangalia, anakwenda tena. Hatimaye Baba akatoka. Siku za mwanzo walifika pengoni wakarudi. Kisha mwembe wa jirani. Sasa wanafika karibu na lami, hapo Baba anageuza mwenyewe.

Nimewafuata nyuma mara nyingi na nimeyaona haya kwa macho yangu. Mguu wa kushoto wa Baba huburuta, unaacha mstari mchangani. Doa hutembea upande huo huo wa kushoto, si wa kulia, na wala hakuna aliyemfundisha. Baba akisimama kuvuta pumzi, Doa anaketi. Hamvuti, hamzunguki, hatangulii kunusa vichaka. Anaketi tu hadi mkongojo uinuke. Mbwa huyu akiwa na sisi vijana hukimbia hadi unamkasirikia. Akiwa na Baba ana mwendo mwingine kabisa.

Kuna jambo la pili, na wenzangu wa Kilifi mtanielewa bila kulirefusha. Kwetu mzee mwenye mvi na kipande cha shamba halali usingizi wote. Tumezika wazee waliosingiziwa uchawi, na mara nyingi ukichimba unakuta ni tamaa ya ardhi. Usiku mmoja Doa alibweka mbweko ambao hatukuuzoea. Kwa fungo hubweka kwa pupa, kwa jirani anayepita hubweka mara mbili akanyamaza. Usiku ule alibweka kwa kina, bila kukoma, mgongo ameubana mlangoni kwa Baba. Tukawasha tochi, tukapiga kelele, tukasikia michongoma ikivunjika na miguu ikikimbia. Hatukumwona mtu wala hatumshuku mtu. Tulikaa macho hadi kukapambazuka.

Asubuhi Baba alisema, neno kwa neno, bila msaada wa yeyote: "Huyu apewe samaki."

Akanunuliwa changu mzima, fresh kutoka sokoni Malindi, akachemshiwa, akatolewa miiba. Sijawahi kuona Mama akimtolea miiba mtu mzima.

Basi hii ndiyo shukrani yangu. Nimeiandika Doa akiwa hai, mkia ukitikisika hapa, kwa sababu wengi wetu husubiri mnyama afe ndipo tuseme alikuwa mwema. Wewe una nani nyumbani? Mbwa, paka, punda, hata kuku wa kutaga, mlete hapa tumsikie.

---

MamaWatatu

Umenilizia kazini, ndugu yangu. Mungu amzidishie Baba afya.

Sisi tuko Maweni, tuna paka wa kijivu. Mwanangu wa mwisho alikuwa haendi chooni usiku bila kuamsha nyumba nzima kwa sababu ya kuogopa giza. Siku hizi anamwita paka, wanakwenda wawili, paka anaketi mlangoni anamsubiri, wanarudi. Mimi nalala. Namshukuru sana paka huyo, kwa dhati ya moyo.

---

BodaGanda

Pole kwa Baba, na nampa heko mbwa kwa ile ya usiku. Lakini nami niseme yangu. Sisi tunaobeba abiria alfajiri, mbwa ndio adui yetu namba moja. Kuna kundi huko njia ya Ganda, hawana mwenyewe, wanaifukuza pikipiki wakiishika suruali. Nimewahi kuanguka na abiria mama mjamzito. Alipona, namshukuru Mungu. Sasa nikisoma mbwa kutolewa miiba ya changu, na mimi najua nyumba ambazo watoto wanalala na uji, moyo unakataa. Mbwa ni mlinzi, apewe mabaki, basi.

---

MwanaMsabaha

@BodaGanda, pole kwa ajali, na pole kwa yule mama. Sitabishana nawe, maana ulichosema ni kweli tupu. Mbwa asiye na mwenyewe, au mwenye mwenyewe anayemfungulia usiku azurure, ni hatari kwa mtu na kwa mbwa mwenyewe. Doa wetu haendi barabarani peke yake. Ua tumeuziba kwa michongoma na matawi ya mkwaju, na pengo lina mlango wa makuti.

Kuhusu chakula: changu ilikuwa siku ile tu, ombi la Baba. Chakula chake cha kila siku ni ukoko wa ugali, vichwa vya samaki vilivyochemshwa, na pumba ikipatikana. Hakuna mtoto wa kwetu aliyekosa kwa sababu ya Doa. Hata ningesema yeye ndiye anayetulisha. Msitu wa Arabuko-Sokoke hauko mbali nasi. Ndovu wamezuiwa na uzio wa umeme, lakini nyani wanajua kuruka, na kima nao wanapita juu kwa juu kwenye miti. Mahindi yakianza kukomaa, nyani wakikukuta umelala wanamaliza mistari mizima kabla ya jua kupanda. Zamani watoto walikuwa wakikosa shule zamu kwa zamu ili kuamia shamba. Sasa anaamia Doa na mdogo wangu anakwenda darasani. Hesabu yake naiona hapo.

---

BintiShela_Mld

Assalamu alaikum nyote. Mimi ni wa Shela, Malindi, na nimelelewa kwenye nyumba ambayo mbwa akipita uchochoroni tunavuta nguo zetu. Nimesoma uzi huu mara mbili, na napenda kuongeza jambo kwa Waislamu wenzangu, maana najua wengi mnasoma kimya mkiogopa kuchangia.

Sisi watu wa Pwani tunafuata madhehebu ya Imam Shafi, na kwetu mate ya mbwa ni najisi nzito: chombo alichokilamba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Hilo lipo na mimi nalifuata. Imam Malik yeye aliona mbwa si najisi. Kwa hivyo wanazuoni wetu wakubwa wenyewe walitofautiana, nasi tusitupiane maneno makali kwa jambo hilo.

Ila kuosha chombo ni jambo moja, na kumtesa mnyama ni jambo lingine kabisa, na naumia nikiona vijana wakiyachanganya. Kumpiga mbwa mawe, kumwagia maji moto, kumfunga juani bila maji, hayo hayamo katika dini yetu. Katika Suratul Kahf, wale vijana wa pangoni wametajwa na mbwa wao, kanyoosha miguu yake kizingitini. Mbwa aliyefunzwa kuwinda, windo lake limehalalishwa katika Suratul Maida. Mbwa wa shamba, wa mifugo na wa kuwinda ameruhusiwa kufugwa kwa hadithi sahihi. Na sote tumesomeshwa chuoni ile hadithi ya Bukhari na Muslim ya mtu aliyemkuta mbwa analamba udongo kwa kiu, akashuka kisimani, akajaza kiatu chake maji, akakishika kwa meno hadi juu, akamnywesha. Mwenyezi Mungu akamghufiria.

Doa ni mbwa wa shamba na mlinzi wa mzee. Analala nje, mlangoni. Sioni wapi pa kumlaumu. Mimi mwenyewe nimeanza kuweka bakuli la maji nje ya ukuta wetu wakati wa kaskazi, joto linapokuwa kali. Wanakunywa paka, kunguru, na mbwa wapitao. Bakuli hilo silitumii kwa kingine, na mama yangu ameridhika.

---

MwanaAmu

Nimefurahi kumsoma dada wa Shela. Mimi ni wa Shela pia, ila Shela ya Lamu!

Huku kwetu mbwa ni wachache mno. Wenye mji ni paka na punda. Paka wa Amu, yaani Lamu mjini, wana umbo lao, miguu mirefu, shingo nyembamba, kichwa kidogo, wageni husema wanafanana na wale waliochongwa Misri ya kale. Nendeni pale wavuvi wanaposhusha samaki asubuhi mtawaona wamejipanga kwa adabu. Na paka kwetu hana tatizo la tohara, Mtume (s.a.w.) amesema si najisi, ni katika wale wanaotuzunguka majumbani. Sahaba Abu Huraira mwenyewe jina lake lilimjia kwa kitoto cha paka.

Lakini shukrani yangu mimi naitoa kwa punda. Vichochoro vya mji wetu ni vyembamba, wakati mwingine punda akipita na mzigo wa mawe ya ujenzi wewe unaingia barazani kwa watu umpishe. Nyumba zote za mawe mnazokuja kuzipiga picha, mawe, mchanga na chokaa vilipanda mgongoni mwa punda. Marehemu babu alikuwa na punda jike wa kubeba mchanga. Wakati wa adhuhuri alikuwa akimvua shogi, ule mfuko wa mizigo wa mgongoni, anampitishia mkono mgongoni kutafuta vidonda, polepole, kidole kwa kidole, na akikuta palipochubuka punda habebi siku ile hata mteja alie. Siku za Maulidi watu husifu punda wa mashindano, yeye alikuwa akisema wa kusifiwa ni huyu wa mchanga.

Pia nawashukuru wale wa hospitali ya punda iliyoko Amu tangu 1987, wanatibu bila malipo, wanatoa dawa za minyoo, na wamewafundisha wengi kwamba punda mwenye kidonda hafai kutwishwa. Kabla ya hapo mwenye punda mgonjwa hakuwa na pa kwenda.

---

Sista_wa_Wodi

Mimi ni muuguzi, sitasema wapi. @MwanaMsabaha, ulichokieleza kuhusu Baba na maneno kinanigusa kikazi. Mgonjwa wa kiharusi aliyepoteza ulaini wa kusema anahitaji mazoezi mengi ya kutamka kwa sauti, na anahitaji msikilizaji asiye na haraka. Msikilizaji wa aina hiyo ni adimu sana, hata wodini kwetu. Tunapenda wagonjwa lakini tuna vitanda vingi. Kwa hiyo usione aibu kusema mbwa amesaidia. Baba ndiye aliyefanya kazi, na Doa alimpa mahali pa kuifanyia.

Na haya mapenzi ya mtu na mbwa yamepimwa. Mwaka 2015 watafiti wa Japani walichapisha katika jarida la Science kwamba mbwa na mwenyewe wakitazamana machoni kwa muda, homoni iitwayo oksitosini huongezeka kwa wote wawili. Ni ile ile inayohusika na mapenzi ya mama na mtoto mchanga. Wakajaribu na mbwa mwitu (wolf) waliolelewa na watu, haikutokea. Mwaka 2019 chuo kikuu kimoja cha Marekani, Washington State, kiliwapa wanafunzi nafasi ya kuwapapasa mbwa na paka kwa dakika 10 tu, na kotisoli, homoni ya msongo, ikapungua kwenye mate yao. Yule anayemtazama Baba machoni barazani, basi, anampa kitu, naye anakipokea kutoka kwa Baba.

Ombi moja tu: dawa za presha asiziache hata akijisikia mzima. Kiharusi cha pili hupenda kuja mtu anapoacha dawa.

---

MwanaMsabaha

Ahsante sana sista. Dawa anazimeza mbele ya Mama kila usiku, hapo hakuna mjadala. Nimemsomea Baba ujumbe wako wote. Ameniambia nikujibu: "Mwambie nimesikia."

---

DawaYaMifugo

Wakuu, nafanya kazi ya afya ya mifugo huku Kilifi. Uzi mzuri, umenichangamsha moyo, na kwa sababu mmempenda Doa hivi, mniruhusu niseme habari ya kichaa cha mbwa. Nimeona ugonjwa huu kwa karibu na sitaki nyumba yoyote yenu iuone.

Shirika la Afya Duniani linakadiria watu wapatao 59,000 hufa kwa kichaa cha mbwa kila mwaka, karibu wote Afrika na Asia, na watoto ni wengi mno kati yao. Visa vya binadamu, asilimia 99 hutokana na mbwa. Dalili zikishatokea kwa mtu, ni nadra mno kupona. Lakini kabla ya dalili unazuilika kabisa, na kuzuia kunaanzia kwa mbwa. Wakichanjwa asilimia 70 ya mbwa wa eneo, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Kenya ilijiwekea mpango mwaka 2014 wa kuumaliza kufikia 2030. Siku ya kichaa cha mbwa duniani ni 28 Septemba, ndiyo tarehe aliyofariki Louis Pasteur mwaka 1895, yule Mfaransa ambaye mwaka 1885 alimpa chanjo mvulana aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa, akaokoka. Kila mwaka karibu na tarehe hiyo ulizieni ofisi ya mifugo iliyo karibu, mara nyingi chanjo huwa kwa wingi siku hizo.

Mtu akiumwa au hata kukwaruzwa: osha kidonda papo hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15. Kumi na tano kweli, shika saa. Kisha hospitali siku ile ile, hata kama kidonda ni kidogo. Msipake pilipili, mafuta ya taa, majivu wala maji ya betri. Na sindano za hospitali ni kwa ratiba, zimalizeni zote.

@BodaGanda, wewe na wenzako mnaoshikwa miguu ndio nawalenga zaidi. Usiseme "imeparuza tu."

---

BodaGanda

Nimekusikia daktari. Hilo la dakika 15 sikulijua, nitawaambia wenzangu steji.

@MwanaMsabaha, nilivyosema kuhusu mbwa wasio na wenyewe bado nasimama hapo. Ila hiyo habari ya mzee imenikaa kichwani tangu jana. Mama yangu anaishi peke yake huko Kakoneni, amekataa kuhamia kwangu. Nikiwa barabarani usiku namuwaza yeye. Doa ana ndugu zake?

---

MvuviWatamu

Niingize neno dogo tu kwa wanaokaa karibu na bahari. Pendeni mbwa wenu, ila ufukweni usiku msiwafungulie. Kasa wanapanda kutaga, mayai yanakaa mchangani kama siku 60, na mbwa akishanusa kiota atakifukua chote. Mimi nina mbwa wawili wa kulinda mashua, usiku nawafunga kamba ndefu mashuani, maji pembeni. Asubuhi nawafungulia tunakwenda kuoga pamoja, na hiyo ndiyo saa yangu nzuri kuliko zote kwa siku. Mmoja huogopa mawimbi lakini nikiingia majini lazima aje, analia huku anaogelea. Siwezi kueleza furaha ile.

---

MwanaMsabaha

@MvuviWatamu, umeeleza, ndugu, tumeiona.

@DawaYaMifugo, Doa amechanjwa, kadi yake imehifadhiwa kwenye bahasha moja na kadi ya kliniki ya Baba. Mama ndiye aliyeamua hivyo, ili zote zikumbukwe pamoja. Kupe tunamtoa kila Jumapili. Hiyo kazi naipenda. Analala chali kivulini mwa mwembe, miguu minne juu, sisi watoto wakubwa na wadogo tunamzunguka, mmoja anashika masikio, mmoja anapekua kati ya vidole vya miguu, maana kupe hupenda kujificha hapo, mmoja anashika kopo la maji ya chumvi la kuwatumbukizia. Baba anaketi na kiti chake anatuelekeza: "Hapo. Bado. Nyuma ya sikio." Kila neno analitoa lenyewe. Zamani Jumapili kila mtu alikuwa na simu yake pembeni. Sasa saa nzima tuko chini ya mwembe na mbwa mmoja, tunacheka.

Wajomba zangu walipokuja wakati wa krismasi, Baba aliwasalimia wote kwa majina, na akawasimulia kisa cha usiku ule tangu mwanzo hadi mwisho. Kilichukua muda mrefu. Mjomba mmoja akataka kumsaidia penye neno "michongoma", Mama akamgusa mkono, akanyamaza. Baba akalipata mwenyewe.

@BodaGanda, ndugu zake Doa sijui walikotawanyika, lakini kuna jirani yangu hapa ana mbwa jike mpole, amezaa, na vitoto vitano vimefungua macho. Anatafuta nyumba za kuaminika, hauzi. Nimeshamwambia habari ya mama yako.

---

BodaGanda

Kweli? Mama hajawahi kufuga. Ataweza? Na nichague dume au jike?

---

DawaYaMifugo

Ataweza. Kwa mama wa peke yake chagua kile kinachokuja kukunusa chenyewe, kisichokimbilia pembeni wala kisichouma wenzake. Dume au jike vyote hulinda, ila jike mpange afungwe uzazi mapema, vinginevyo utarudi hapa na vitoto sita. Asikitoe kwa mamake kabla ya wiki nane. Dawa ya minyoo mapema, chanjo ya kichaa akifika miezi mitatu, kisha kila mwaka. Chanjo ya pavo pia usiiache, ugonjwa huo ndio unaoua vitoto kwa kuharisha damu. Chakula chochote cha nyumbani kilichopikwa kinafaa, ila mama asimpe mifupa ya kuku iliyopikwa, inavunjika ncha kali, wala mabaki yenye vitunguu vingi. Kivuli na maji siku zote.

---

BodaGanda

Sawa. Jumamosi nikishusha abiria wa Gede nitapita hapo Msabaha. Nitamchukua Mama kabisa achague mwenyewe, asije akasema nimemletea mzigo.

---

MwanaMsabaha

Karibuni sana. Mje mapema, kabla jua halijakolea, mtawakuta Baba na Doa njiani wakirudi kutoka lami. Simameni muwasalimu. Atawajibu.